RAM ya Kompyuta: Kiasi Unachohitaji, Kiasi Mashine Inachoweza Kutumia, na Pale Inapokwama

Ukiongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenye mashine ambayo haikupungukiwa nayo, hutaona tofauti yoyote ila kwenye pochi. Malalamiko yanayorudiwa ni yaleyale: mashine imebaki nzito baada ya kuongezwa, inaonyesha GB 3.24 wakati zimo GB 8, haiwaki tangu RAM mpya iingie, au inawaka kisha inatupa skrini ya bluu. Kila moja lina chanzo chake, kwa hiyo pima kwanza, bisibisi baadaye.

Kipimo kifanyike ukiwa katikati ya kazi yako ya kawaida, si mara tu baada ya kuwasha. Fungua vyote unavyofungua kila siku, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda "Performance", kisha "Memory". Asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa si jibu kamili. Tazama "Available", yaani RAM ambayo bado inaweza kugawiwa, na "Committed", yenye namba mbili mfano 7.1/9.8. Ile ya kwanza ni kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa. Ikizidi RAM uliyonayo kwa mbali, na "Available" ikawa chini ya moja ya kumi ya RAM yote, umepungukiwa kweli. Ikiwa "Available" inabaki GB 2 au 3 mchana kutwa, hifadhi hela yako.

"Cached" isikutishe. Windows hujaza nafasi iliyolala kwa vitu ilivyovisoma kwenye diski, ikavitoa papo hapo programu ikidai nafasi. Kwenye Linux ni hivyohivyo: andika free -h na usome safu ya "available". Safu ya "free" huwa ndogo hata kwenye mashine yenye afya.

Kwa makadirio ya leo, GB 4 kwenye Windows 10 au 11 ni kuishi kwa shida, maana mfumo wenyewe hula karibu nusu yake au zaidi kabla hujafungua kitu. GB 8 zinamtosha mwanafunzi, mwalimu, mhasibu na mtu wa Word, Excel na kivinjari chenye tabo kumi na ushee. GB 16 ni za mbunifu wa picha, mtu wa video za kawaida na mtengeneza programu. Android Studio ikitumiwa na simu yake ya kuigiza haitaki kusikia chini ya hapo. GB 32 ni kwa video za 4K, mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta) kadhaa kwa pamoja, au michoro mizito ya usanifu. Kununua GB 32 kwa ajili ya kuandika barua ni kama kukodi Fuso kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Dalili: mashine nzito, kila kitu kinasubirisha

Chanzo cha kwanza kwa wingi ni diski, hasa kwenye laptopu za mtumba zilizobaki na HDD ya kuzunguka. Diski hiyo hufanya kazi mia moja hivi za kurukaruka kwa sekunde, na SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya bei ya chini hufanya maelfu mengi. Kwenye Task Manager, ukiona "Disk" imegota 100% huku "Memory" iko 50% au 60%, tatizo ni diski. SSD ya SATA ya inchi 2.5 itabadilisha mashine hiyo kuliko RAM ya kiasi chochote.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ikiwa "Disk" iko 100% na "Memory" nayo iko 90%, huenda diski inaonewa tu. RAM ikijaa, Windows huhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye faili iliyo diskini, kisha huzirudisha zinapoitwa, na safari hizo ndizo zinazoichosha diski. Funga kivinjari na usubiri dakika mbili. Shughuli ya diski ikishuka pamoja na kumbukumbu, RAM ndiyo iliyopungua. Diski ikiendelea kuhema, shuku diski yenyewe.

Kinachofuata ni programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Ziko kwenye kichupo cha "Startup": zima zile za mikutano, za michezo, za printa na za kusasisha. Usiguse kinga ya virusi wala draiva (programu zinazoendesha vifaa) za sauti na padi ya kugusa. Halafu kuna kivinjari. Ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc uone kila tabo na kila kiongezo kinakula kiasi gani. Mara nyingi kiongezo kimoja kilichosahaulika kinabeba kuliko tabo tano.

Kama yote hayo yako sawa, angalia kasi ya prosesa. Ikiwa imeganda kwenye GHz 0.8 hivi hata unapoipa kazi, inajizuia kwa joto au kwa chaja. Laptopu za Dell hujipunguzia kasi zikishindwa kuitambua chaja, hata kama betri inajaa, na chaja za bandia zimewapeleka watu wengi kununua RAM wasiyoihitaji. Prosesa ikiwa 100% bila wewe kufanya chochote, tafuta programu hasidi.

Programu zinazojiita za "kusafisha RAM" usizisogelee. Zinachofanya ni kusukuma kurasa kwenda diskini ili namba ionekane ndogo, na mashine inakuwa nzito zaidi inapozihitaji tena.

Dalili: RAM imeongezwa lakini haionekani yote

Fungua Settings, System, About na usome "Installed RAM" pamoja na "System type". Mistari hiyo miwili inamaliza zaidi ya nusu ya kesi.

Ukiona "32-bit operating system", umefika. Mfumo wa biti 32 huhesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Fikiria mtaa ambao namba za nyumba zinaishia hapo. RAM si mpangaji pekee: kadi ya picha, ya sauti, ya mtandao na chipu ya BIOS (programu inayoiamsha mashine) nazo lazima zipewe namba ili prosesa izifikie. Zikishachukua zake, sehemu ya RAM inabaki bila namba, na kisicho na namba hakifikiki. Ndiyo maana mashine yenye GB 4 inaonyesha 3.24 au 3.5, na yenye GB 8 inaonyesha vilevile. Kadi ya picha ikiwa kubwa, kinachobaki kinapungua zaidi.

Dawa ni kuweka Windows ya biti 64. Mstari uleule ukisema "x64-based processor", prosesa inaiweza. Hakuna njia ya kupandisha kutoka biti 32 kwenda 64 juu kwa juu. Ni kufomati na kuweka upya, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza. Leseni ya Windows 10 inakubali biti zote mbili mradi toleo ni lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Kumbuka Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa laptopu ya zamani ambayo Windows 11 inaikataa, Linux Mint ya biti 64, mfumo mbadala wa Windows, ni chaguo lisilo na aibu.

Mitandaoni zipo pachi (viraka vya programu) zinazodai kuifungulia Windows ya biti 32 isome zaidi ya GB 4. Kiufundi si uongo mtupu, kwa kuwa tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 prosesa za Intel zina njia ya anwani za biti 36, iitwayo PAE, inayofika GB 64, na Linux ya biti 32 huitumia. Microsoft waliifunga kwenye matoleo ya watu binafsi kwa sababu draiva nyingi zilikuwa zinaanguka. Pachi hizo huchokonoa kiini cha mfumo, na hujui nani mwingine amechokonoa kabla yako. Ziache.

Mfumo ukiwa tayari wa biti 64, nenda kwa ngazi. Tazama "Hardware reserved" kwenye Task Manager. Ikiwa ni megabaiti mia kadhaa hadi GB 2, hiyo ni haki ya kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa, ambayo hukopa RAM kwa sababu haina yake. Kwenye BIOS ya baadhi ya mashine unaweza kuipunguza, lakini usihangaike kwa MB 128.

Ikiwa GB nzima nzima zimefungwa, fungua msconfig, nenda "Boot", kisha "Advanced options", na uondoe alama kwenye "Maximum memory". Kuna ushauri mbovu unaozunguka kwamba kuweka alama pale kunaongeza kasi, ilhali kisanduku kile kiliwekwa kwa ajili ya majaribio na kazi yake ni kupunguza. Kwenye kompyuta za mezani za enzi ya Core 2, ingia BIOS utafute "Memory Remap" na uiwashe. Bila hiyo hata mfumo wa biti 64 utaishia GB 3 na ushee. Na kama bado uko kwenye Windows 7, Home Basic ya biti 64 inaishia GB 8 na Home Premium GB 16, hata ukiweka ngapi.

Kama kipande kizima hakionekani, hata kwenye BIOS, ama hakijakaa vizuri, ama sloti (tundu la RAM) imekufa, ama umegonga dari la mashine. Kichomoe, kirudishe, kisha kijaribu peke yake kwenye kila sloti.

Dari la mashine ni jambo la kuuliza kabla ya kununua. Laptopu za chipseti ya Intel 945 hazivuki GB 3 na kitu hata ukizipa mfumo wa biti 64. Za GM45 zinafika GB 8. ThinkPad T430, ya Core ya kizazi cha 3, inafika GB 16 kwa vipande viwili vya 8. ThinkPad X240 ina sloti moja na inaishia GB 8: kipande cha GB 16 hakifanyi kazi humo, kwa sababu prosesa za kizazi cha 4 hazielewi chipu zenye ujazo mkubwa kiasi hicho. X250, ndugu yake mdogo mwenye prosesa ya kizazi cha 5, inakipokea. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi pamoja na sloti moja, hivyo inaishia GB 12. Mwongozo rasmi wa modeli yako ndio wa kuaminiwa. Amri wmic memphysical get MaxCapacity hutoa jibu kwa kilobaiti, 16777216 ikiwa GB 16, lakini BIOS nyingine huijibu ovyo, na Windows 11 mpya zimeanza kuiondoa amri hiyo.

Dalili: programu inasema kumbukumbu imekwisha, na RAM bado ipo

Sababu ya kawaida ni diski C iliyojaa. Faili ya kumbukumbu ya diskini haiwezi kukua, na Windows ikifikia kikomo cha ile namba ya pili ya "Committed" huanza kukataa maombi hata kama RAM haijaisha. Acha angalau GB 15 wazi. Kama mtu aliwahi kuizima faili hiyo ili "kuipa mashine kasi", irudishe iwe inasimamiwa na mfumo wenyewe.

Sababu ya pili ni programu ya biti 32 ndani ya Windows ya biti 64. Programu hiyo hupata GB 2 tu za anwani, au 4 ikiwa iliundwa kuzitumia, hata kama mashine ina GB 64. Mwathirika mkuu ni Excel ya biti 32 yenye jedwali la malaki ya mistari. Fungua File, Account, About Excel usome biti. Kubadili ni kuiondoa Office na kuweka ya biti 64, ila hakikisha kwanza makro na viongezo vya ofisi yako vinaikubali, maana vingine vya zamani vitagoma.

Dalili: haiwaki, skrini nyeusi, au inalia milio baada ya kuongeza RAM

Usiogope mapema. Mashine nyingi huchukua dakika moja au mbili kuizoea RAM mpya, na za DDR5 (DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM) zinaweza kukaa kimya dakika kadhaa mara ya kwanza. Ipe dakika kumi kabla ya kuzima.

Ikibaki nyeusi, chanzo cha kwanza ni kipande kutokaa. Zima, chomoa chaja, toa betri. Betri ya ndani ichomolewe waya wake au izimwe kupitia BIOS. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 20 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa RAM. Kwenye laptopu, ingiza kipande kwa kuinamisha, nyuzi 30 hivi, sukuma hadi mistari ya dhahabu ikaribie kutoweka, ndipo ukilaze hadi klipu zote mbili zilie "tak". Kwenye kompyuta ya mezani bonyeza ncha zote mbili mpaka klipu zijifunge zenyewe. Kipande kinachokataa kuingia si cha kulazimishwa: laptopu za DDR3 zina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, na pengo la katikati limewekwa makusudi.

Pili ni uchafu na kutu. Kwenye mashine zinazokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi huacha utando kwenye mistari ya dhahabu, na mara nyingi mashine "iliyokufa" huamka ikisafishwa tu. Tumia ufutio laini mweupe, pangusa, malizia na alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi. Msasa haufai, na kupuliza kwa mdomo kunaongeza mate mahali pa vumbi.

Tatu ni volti. Lebo ikisema PC3-12800S ni DDR3 ya volti 1.5. Ikisema PC3L-12800S ni ya volti 1.35. Zinaingia kwenye sloti moja bila kipingamizi, lakini laptopu za Intel za kizazi cha 4 kwa kawaida zinataka yenye L tu na zitakaa nyeusi na ile nyingine. Yenye L kwa kawaida hukubali mashine zote mbili, kwa hiyo ukiwa na shaka nunua hiyo.

Nne, kwa kompyuta za mezani, ni vipande vya bei rahisi vya DDR2 au DDR3 vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee. Maandishi hayo ni ya kweli, na kwenye bodi ya Intel haviwaki. Mwisho kabisa ni BIOS ya zamani. Kuisasisha kunafaa betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, bodi inaweza kubaki tofali.

Milio na taa hutofautiana kwa kampuni, soma mwongozo wa modeli yako. Kwa mfano, Dell Latitude nyingi za DDR4 hupepesa mara 2 rangi ya kahawia-njano na mara 3 nyeupe zisipoona RAM, na 2 kwa 4 RAM ikiwa mbovu.

Simama na umwone fundi ukikuta betri imevimba, harufu ya kuungua, alama za maji kwenye bodi, au pini iliyopinda ndani ya sloti. Vivyo hivyo ikiwa RAM za zamani, zilizokuwa zikifanya kazi, nazo sasa haziwaki kwenye sloti yoyote.

Dalili: skrini za bluu, mafaili ya zipu yaliyoharibika, usakinishaji unaokatika

Skrini zinazobadilika sababu kila siku, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, zinaashiria RAM mbovu. Ikiwa ni ujumbe mmoja uleule wenye jina la faili ya .sys, anza na draiva.

Kabla ya jambo lolote, acha kunakili na kuhamisha mafaili muhimu kwenye mashine hiyo. Kila kinachosafiri hupita kwenye RAM, na RAM mbovu hubadilisha biti kimyakimya, kwa hiyo nakala yako ya akiba yenyewe inaweza kuwa imeoza. Kama data ni ya thamani, toa diski uisome kwenye mashine nyingine.

Endesha mdsched, kipimo cha Windows. Jibu lake lisipotokea, lipo Event Viewer, Windows Logs, System, kwa jina la MemoryDiagnostics-Results. Kikisema salama bado si hati ya usalama. Weka MemTest86+ kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi hiyo, uiache usiku kucha. Kosa moja linatosha kuhukumu. Kisha jaribu kipande kimojakimoja kwenye sloti ileile. Kosa likihama na kipande, tupa kipande. Kipande kisicho na kasoro kikikosea kwenye sloti moja tu, sloti au bodi ndiyo mbovu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Kama vipande vyote ni vizima kila kimoja peke yake lakini pamoja vinakosea, havipatani. Zima XMP, mpangilio wa kuipandishia RAM kasi, kwenye BIOS kwanza. Vipande vya kasi tofauti hutembea kwa mwendo wa kilicho polepole, na hilo si kosa. Wala GB 4 pamoja na 8 si kosa: kwenye Intel, GB 8 za kwanza hutembea kwa njia mbili na 4 zinazobaki kwa njia moja.

Dalili: asubuhi nyepesi, jioni RAM imejaa

Kwenye "Details" ya Task Manager panga kwa kumbukumbu uone nani anavimba saa hadi saa. Mara nyingi ni kivinjari kisichofungwa kwa wiki. Ikiwa hakuna programu inayoonekana kubwa lakini RAM imeisha, tazama "Non-paged pool". Kawaida huwa megabaiti mia kadhaa, ikifika GB kadhaa kuna draiva inayovuja, na mara nyingi ni ya mtandao. Sasisha hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu.

Wengine husema wanazima kila usiku na bado hali ni ileile. Kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup huhifadhi kiini cha mfumo diskini na kukirudisha asubuhi pamoja na uvujaji wake. Bonyeza "Restart" badala ya "Shut down", ndipo kinaanza upya kweli.

Tatizo likiwa ni upungufu halisi kwenye mashine ambayo RAM yake yote imechomelewa, kama MacBook Air ya M1 ya 2020 na laptopu nyingi nyembamba, hakuna bisibisi itakayosaidia. Wapo mafundi wanaobadilisha chipu hizo kwa hewa moto, na wapo waliorudisha bodi iliyokufa. Omba kuona mashine ya modeli hiyohiyo waliyowahi kuimaliza kabla ya kuacha ya kwako mezani.